Breki za Kombi Kuukuu: Mishipa Mipya Kabla ya Mteremko

Gari halisifiwi kwa mwendo wake peke yake. Husifiwa pia kwa jinsi linavyosimama. Maneno hayo hupata maana kamili magharibi mwa Uganda. Huko barabara itokayo Mbarara huteremka ukingo wa Bonde la Ufa pale Kichwamba, huvuka Mfereji wa Kazinga katika daraja la Katunguru, kisha hufika Kikorongo karibu na Mstari wa Ikweta na kugawanyika njia mbili. Mkono mmoja huelekea Kasese, mji uliolala chini ya milima ya Rwenzori; mkono wa pili huelekea Bwera na forodha ya Mpondwe, mpakani mwa Kongo. Sehemu ya njia hiyo hupita katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ambamo ndovu huvuka barabara bila kumwomba dereva ruhusa.

Katika barabara za namna hiyo, kombi ya Volkswagen ina historia ndefu. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, ikabadilishwa umbo mwaka 1967, na huko Brazili iliendelea kutoka kiwandani hadi mwisho wa mwaka 2013. Afrika Mashariki iliitumia kubeba watalii, wagonjwa, wanafunzi na mizigo. Siku hizi kazi ya teksi imechukuliwa na Toyota HiAce, lakini kombi kuukuu zilizobaki bado zina wenyewe wanaozipenda. Hubeba jamaa kwenda harusini na matangani, na huwapeleka wachuuzi sokoni.

Mwenye gari la namna hiyo aghalabu huanza kulitengeneza kwa kile kinachoonekana: rangi, viti, vioo na redio. Injini hufuata, kwa kuwa gari lisilowaka halina faida. Breki huachwa mwisho, kwa sababu hazionekani na, siku zote zinapofanya kazi, hazisemi neno. Mpango huo ni wa kichwa chini miguu juu. Injini ikifa njiani, abiria hukasirika. Breki zikifa mteremkoni, hakuna atakayebaki na nafasi ya kukasirika.

Mguu Mmoja, Magurudumu Manne

Nguvu ya mguu wa dereva hufikaje kwenye magurudumu manne kwa mara moja? Jibu lilitolewa katika karne ya 17 na mwanazuoni Mfaransa Blaise Pascal, aliyeonyesha kwamba shinikizo linalotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea pande zote kwa usawa. Katika karne ya 20, Mmarekani Malcolm Loughead aliitumia kanuni hiyo katika breki za gari, na mwaka 1921 gari la Duesenberg lilitoka kiwandani likiwa na breki za mafuta katika magurudumu yote manne.

Dereva anapokanyaga pedali, kijiti husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ile ambayo mafundi huiita masta silinda. Pistoni husukuma mafuta ya breki katika mabomba membamba ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Karibu na magurudumu, ambako vyuma hupanda na kushuka kwa mtikisiko, mafuta hupita katika mabomba ya mpira. Mwisho huingia katika silinda ndogo za magurudumu, na hizo husukuma viatu vya breki vikabana dramu kwa ndani.

Mpango huu ni mzuri kwa sharti moja: kusiwe na tundu hata moja, wala pumzi hata moja ya hewa. Mafuta hayakubali kubanwa yakapungua, ndiyo maana hupeleka nguvu ya mguu. Hewa hukubali kubanwa. Povu dogo likiingia katika bomba, mguu huishia kulibana povu hilo, na gari huendelea na safari yake.

Mfereji Mmoja, Hatari Moja

Kombi za kwanza, zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967, zilikuwa na mfereji mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote. Landrover nyingi za zamani, ambazo askari wa Afrika Mashariki walizifahamu vizuri, zilikuwa hivyo hivyo. Kasoro yake ni dhahiri: bomba moja likipasuka, liwe la mbele au la nyuma, mafuta yote humwagika na magurudumu yote manne hukosa breki kwa wakati mmoja.

Dawa iliyopatikana ni kuigawa silinda kuu sehemu mbili. Ndani yake huwekwa pistoni mbili, moja mbele ya nyingine, na kila moja hulisha mfereji wake. Katika kombi, mfereji mmoja huenda magurudumu ya mbele na wa pili huenda ya nyuma. Mmoja ukipasuka, pedali hushuka zaidi na gari huchukua masafa marefu kusimama, lakini husimama. Marekani iliamuru mpango huo kwa magari mapya madogo ya abiria tangu Januari 1968, na kombi nyingi za umbo jipya zilitoka nao. Kuanzia Agosti 1970 kombi ilipewa pia breki za diski magurudumu ya mbele.

Hatua hizo mbili, mifereji miwili na diski za mbele, ndizo mwenye kombi kuukuu anazoweza kuzifuata leo. Vifaa vyake bado hutengenezwa, kwa kuwa gari hilo limeishi miaka mingi na lina wapenzi duniani kote.

Joto la Mteremko

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Kombi yenye abiria na mizigo huweza kufikia uzito wa kilo 2,000 na zaidi. Gari la uzito huo likiteremka kimo cha mita 100, na dereva akalizuia kwa breki peke yake, joto linalozaliwa hutosha kuchemsha karibu lita 6 za maji ya baridi. Mama wa nyumbani anayejua kuni ngapi huisha katika kuchemsha sufuria ya lita 6 ataelewa mara moja mzigo unaobebwa na vyuma vile vinne. Nao mteremko wa Kichwamba, kama ule utokao Kilembe kwenda Kasese, haukomi mara moja.

Joto hilo huleta matata matatu. Kwanza, dramu hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, hata pedali ikalazimika kushuka zaidi. Pili, kitambaa cha breki hupoteza ukali wake wa kushika. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, mafuta ya breki huweza kuchemka. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Pedali iliyokuwa ngumu juu ya kilima huzama sakafuni katikati ya kilima.

Hapo ndipo faida ya diski inapoonekana. Dramu hufunika joto lake kama chungu chenye kifuniko. Diski hupigwa na upepo wazi. Tena diski ikilowa maji hukauka upesi, jambo la maana katika mji unaopitiwa na mto Nyamwamba, uliofurika vibaya mwezi Mei 2013 na tena mwezi Mei 2020.

Maadui wa Breki: Maji, Chumvi na Ubahili

Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani. Hata yakiwa ndani ya gari lililofungwa, unyevu hupenya polepole kupitia mabomba ya mpira na kifuniko cha chupa yake. Tofauti si ndogo. Mafuta yaliyoandikwa DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini ni nyuzi 140 tu. Yale ya DOT 4 huanza na 230 yakashuka hadi 155, na ya DOT 5.1 huanza na 260 yakashuka hadi 180. Ndiyo maana mafundi wazuri husisitiza yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama hayakupungua. Rangi ya asali ikigeuka kuwa rangi ya chai ya rangi, wakati umepita.

Adui wa pili ni chumvi. Katika Ziwa Katwe chumvi imevunwa vizazi na vizazi, na gari linalobeba magunia yake hudondokewa na maji ya chumvi sakafuni. Maji hayo hupenya chini na kuyala mabomba ya chuma kwa nje, hasa pale yanaposhikwa na vibanio, mahali ambapo macho hayafiki. Bomba huonekana zima mpaka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zake zote, yaani siku ile anapolihitaji zaidi.

Adui wa tatu ni ubahili uliozaliwa na shida. Wafanyabiashara wa asili ya Asia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, na biashara ya nje ikadorora, spea zikawa adimu. Mafundi wa miaka ile walijifunza kuliendesha gari kwa akili, na wengi wanastahili heshima kwa hilo. Lakini baadhi ya mbinu za wakati wa dhiki zimebaki hata leo ambapo spea zinapatikana. Gurudumu likivuja, bomba lake hukunjwa na kupigwa nyundo lisipitishe mafuta, na gari huendelea kwa magurudumu matatu. Siku ya kukanyaga ghafla, gari hilo huvutwa upande mmoja na kuingia mtaroni au mbele ya lori. Wengine hutia mafuta ya injini katika chupa ya breki. Mafuta hayo huzivimbisha na kuzilainisha raba zote za silinda, na kilichookolewa leo kwa shilingi chache hulipwa kesho kwa kununua mfumo mzima.

Wapi pa Kuanzia

Asiye na fedha za kufanya yote mara moja asikate tamaa. Kazi ya breki hugawanyika kwa hatua, na kila hatua ina faida yake mradi ifuatwe kwa mpango.

Hatua ya kwanza ni kurudisha uzima wa kile kilichopo. Mabomba yote ya mpira yabadilishwe, kwa sababu mpira wa miaka mingi huvimba ndani na kuziba hata kama kwa nje unang'aa. Silinda za magurudumu zifunguliwe. Ile yenye mashimo ya kutu itupwe, kwani raba mpya katika ukuta uliotoboka haidumu. Viatu vilivyolowa mafuta vibadilishwe pande zote mbili za ekseli, kulia na kushoto, ili gari lisivutwe.

Hatua ya pili ni silinda kuu ya mifereji miwili. Kwa kombi ya zamani yenye mfereji mmoja, hakuna shilingi itakayonunua usalama mwingi kuliko hii. Ichaguliwe silinda iliyotengenezwa kwa kombi ya aina ile ile na mwaka wake, pamoja na chupa inayolisha pande zote mbili. Katika kuifunga, paachwe nafasi ya karibu milimita 1 kati ya kijiti cha pedali na pistoni. Nafasi hiyo isipokuwepo, pistoni hairudi mwisho, breki hukaa zimeshika kidogo kidogo, joto hupanda, na baada ya kilomita chache magurudumu hujifunga yenyewe.

Hatua ya tatu ni mabomba ya chini ya sakafu. Hapa wakazi wa Kasese watatabasamu, kwani jibu lake linatokana na madini ya kwao. Shaba ya Kilembe ilichimbwa kuanzia mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bomba lililo bora kwa nchi yenye chumvi na unyevu ni la mchanganyiko wa shaba, kiasi cha sehemu tisa, na nikeli, sehemu moja. Halishiki kutu kama chuma, na hukunjika vizuri mkononi mwa fundi. Lakini shaba tupu isitumiwe. Bomba la shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko wa barabara na mwisho hupasuka.

Mdomo wa bomba nao una siri yake. Nati za mabomba ya kombi na za magari mengi ya Kijapani zina nyuzi zinazofanana, hata fundi mwenye haraka huona zimeingia barabara. Ila mdomo wa bomba la Kijerumani umetengenezwa kama uyoga mdogo, na ule wa Kijapani umekunjwa kwa ndani kama faneli. Ukiulazimisha mmoja katika nyumba ya mwingine, utakazwa, utanyamaza gereji, kisha utavuja njiani.

Hatua ya nne ni diski za mbele. Hii si kazi ya kubadili kipande kimoja. Koleo za diski, ambazo mafundi huziita kalipa, huhitaji mafuta mengi kuliko silinda za dramu, kwa hiyo silinda kuu lazima ilingane nazo. Silinda nyingi zilizotengenezwa kwa dramu zina valvu ndogo inayobakiza shinikizo kidogo bombani. Valvu hiyo ikiachwa katika mfereji wa diski, pedi huendelea kusugua hata mguu ukiwa umeondoka. Rimu nazo zipimwe, maana si kila rimu ya zamani huifunika kalipa bila kuigusa.

Busta, chombo kinachousaidia mguu kwa mvuto wa injini, ndilo la mwisho. Humpunguzia dereva kazi, lakini haliponyi breki mbovu. Tena nguvu yake hutegemea kani ya hewa, ambayo hupungua kadiri gari linavyopanda mlimani. Katika kimo cha mita 1,000, kama kile cha mji wa Kasese, kani ya hewa ni karibu sehemu tisa kwa kumi ya ile ya pwani.

Kikubwa Si Lazima Kiwe Bora

Liko kosa ambalo hata watu wenye bidii hulifanya. Hudhani kwamba silinda kuu yenye tumbo pana zaidi itatoa breki kali zaidi. Hesabu husema kinyume. Mtu akiondoa silinda yenye kipenyo cha milimita 19 na kuweka ya milimita 22, eneo la pistoni huongezeka kwa zaidi ya theluthi. Mguu ule ule sasa unasukuma eneo kubwa zaidi, na shinikizo bombani hupungua kwa karibu robo. Pedali itakuwa fupi na ngumu, na dereva ataisifu kwa ugumu wake, kumbe gari linasimama mbali zaidi. Silinda nyembamba kupita kiasi nayo ina ubaya wake: pedali huwa laini, lakini husafiri mpaka sakafuni kabla ya kazi kwisha. Kipimo cha haki ni kile cha kiwanda kwa breki zinazofanana.

Uwiano wa mbele na nyuma ni jambo jingine la kuchungwa. Gari linapopunguza mwendo, uzito huegemea mbele. Mtu akiziimarisha breki za nyuma tu, magurudumu ya nyuma yatafungwa kwanza, na gari litageuka kama pia. Nguvu iongezwe mbele kwanza.

Kutoa Hewa

Kazi yote ikishafungwa, hewa itolewe. Ni kazi ya watu wawili, na katika nyumba nyingi mtu wa pili huwa mke, kaka au kijana wa shule. Aliye ndani hukanyaga pedali polepole na kuishikilia. Aliye chini hufungua skrubu ya gurudumu, ambayo imevikwa mpira mwembamba uliotumbukizwa katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Povu likitoka hufunga, kisha husema "achia". Kosa kubwa hapa ni kuachia pedali kabla skrubu haijafungwa, kwani hewa hurudi ndani.

Kazi huanzia gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu. Kwa gari lenye usukani wa kulia, kama yalivyo ya Uganda, huanza gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Chupa ya juu isiachwe ikauke hata mara moja. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, hata yakionekana safi.

Onyo kwa Walioko Nyumbani

Sehemu hii ya kazi humhusu kila aliyemo nyumbani, hata asiyejua kuendesha. Mafuta ya breki ni sumu. Mabaki yake yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwani mtoto mwenye kiu haulizi. Yakimwagika juu ya rangi ya gari huibambua. Yakimwagika ngozini yaoshwe kwa maji mengi na sabuni.

Vumbi la breki kuukuu ni adui aliyejificha zaidi. Vitambaa vingi vya breki vya miaka ya nyuma vilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo nyuzi zake zikivutwa pumzini huweza kuleta saratani na maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Dramu isipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Ilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe katika mfuko na kutupwa mbali na watoto. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba, wala zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Majaribio Kabla ya Abiria

Gari lililotoka kutengenezwa lisipelekwe sokoni siku hiyo hiyo. Kwanza, likiwa limesimama, dereva akanyage pedali kwa nguvu na kuihesabia dakika moja. Ikizama polepole, kuna mahali panapovuja au raba isiyoziba. Kisha mtu mwingine alale chini na tochi, achungulie kila kiungo.

Jaribio la pili lifanywe mahali tambarare, gari likiwa tupu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, halafu kilomita 30 kwa saa, halafu 50. Lisivutwe kulia wala kushoto. Baada ya safari fupi, rimu zipapaswe kwa uangalifu: ile yenye joto kuliko wenzake inaonyesha breki isiyoachia. Viungo vikaguliwe tena baada ya siku moja na tena baada ya juma moja. Ndipo mizigo ipakiwe, na mteremko uje mwisho kabisa.

Adabu ya Mteremko

Hakuna fundi anayeweza kumtengenezea dereva busara. Kanuni ya wazee wa usukani ni kwamba kilima hushukwa kwa gia ile ile ambayo kingepandwa. Injini ikizuia gari, breki hubaki baridi kwa ajili ya dharura. Mtindo wa kuweka nyutro na kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli huondoa msaada wa injini na wa busta kwa mara moja. Petroli inayookolewa haizidi kikombe.

Pedali ikizama njiani, dereva asizime injini. Aipige pedali haraka haraka, maana mara nyingine shinikizo hurudi. Ashushe gia moja baada ya moja. Avute breki ya mkono taratibu huku kitufe chake kimeshikwa, kwa kuwa katika kombi breki hiyo huvuta waya kwenda magurudumu ya nyuma na haitegemei mafuta hata kidogo. Apige honi na kuwasha taa. Mwisho, achague ukuta wa udongo au nyasi za kando kuliko watu walio mbele. Ajue pia kwamba mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Katika kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa pedali.

Hesabu ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za askari waliostaafu, kiinua mgongo huwa kimoja na mahitaji huwa mengi. Baba hutaka gari lianze kazi upesi. Mama huhesabu karo na mabati. Breki zikitajwa huonekana kama gharama isiyozaa. Lakini kombi inayoingiza fedha ya karo ndiyo hiyo hiyo inayowabeba watoto hao siku ya kufungua shule. Haiwezekani kuitegemea kwa fedha na kutoitegemea kwa roho za watu.

Kwa hiyo ni vyema daftari la gari liwe na ukurasa wake wa breki: tarehe ya kubadili mafuta, jina la sehemu iliyowekwa, na siku ya ukaguzi ujao. Mwenye kutunza hesabu za nyumba na alitunze pia daftari hilo, kwani asiyeendesha ndiye mwepesi wa kukumbuka kwamba miaka miwili imepita. Askari wa usalama barabarani akilisimamisha gari na kuuliza habari za breki, jibu litakuwa limeandikwa. Na asipouliza, safari ya Bwera itafanywa kwa breki zinazoaminika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mteremkoni haujengwi na aliyekwisha kuugonga.